Maziwa hayafiki kule sumu iliko

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Busia, Uganda. Mjomba wangu alipiga nyanya dawa kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, hakuvaa kitu usoni na pampu ilikuwa inavuja mgongoni. Akarudi akala vizuri tu. Jioni akaanza kutoa mate mengi, jasho, machozi, na kale kaduara keusi ka jicho kakawa kadogo kama ncha ya sindano. Tukampa maziwa na mayai mabichi, akatapika, ndipo tukampakia kwa boda mpaka hospitali. Walimdunga sindano moja tena na tena usiku kucha. Siku ya pili alikuwa anaongea, siku ya tatu akashindwa kuinua kichwa kwenye mto wakamweka kwa mashine ya kupumua. Namshukuru Mungu alitoka. Sasa nauliza, sumu inafanya nini hasa ndani ya mwili? Ni kweli inakula damu? Mbona maziwa hayakusaidia? Na kaka yangu anashika zebaki kila siku kwa dhahabu huko Tiira na hana shida yoyote, ina maana zebaki si kali kama dawa ya nyanya?

JIBU: Mwalimu habari, pole sana kwa mliyoyapitia na mjomba. Nafurahi umeeleza kila kitu kwa undani hivi, kwa sababu hayo yote mliyoyaona, mate, jicho, shingo, kila kimoja kina sababu yake na ukishaijua utaona mwenyewe kwamba maziwa hayangesaidia hata mngempa jerikeni nzima.

Nianze na hili la kula damu, mimi ni mfamasia na nalisikia sana hapa dukani. Watu wanafikiri sumu ni kitu cha moto, ikiingia inaunguza kila inapopita. Zipo za namna hiyo, maji ya betri kwa mfano yanachoma koo kabisa. Lakini nyingi zinazotuulia watu huku haziunguzi chochote, zinapita kwenye ngozi au mapafu au utumbo, zinasafiri na damu bila hata kuigusa, mpaka zikutane na molekuli moja fulani ambayo umbo lake linakubaliana nazo, hapo ndo zinashika. Hiyo molekuli ikiacha kazi yake mwili unaanza kuanguka kuanzia pale. Kwa hiyo mimi nikiambiwa mtu kapata sumu nauliza mambo mawili, inashika nini na inachukua muda gani kushika. Hilo la muda ndo linaua watu wengi sana bure na nitalirudia.

Dawa nyingi za wadudu wa nyanya ni za familia inaitwa organofosfeti. Soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa la chupa, utakuta klopairifosi, profenofosi, malathioni, diklovosi. Zilitengenezwa kuvuruga neva za mdudu, na sisi neva zetu zinaongea na misuli kwa kutumia kemikali ileile ya mdudu.

Kemikali yenyewe inaitwa asetilikolini. Neva ikitaka msuli ujikaze au tezi itoe mate, inamwaga asetilikolini kidogo kwenye upenyo mwembamba sana ulio kati yao. Tezi inapokea, inatoa mate, alafu ile asetilikolini lazima iondolewe palepale, la sivyo tezi itaendelea kusikia amri ileile bila kukoma. Anayeiondoa ni enzaimu inaitwa asetilikolinesterezi, na hii ni moja kati ya enzaimu zenye kasi kubwa kuliko zote mwilini, molekuli yake moja tu inakata maelfu ya asetilikolini ndani ya sekunde moja. Ifikirie kama mashine ya posho pale sokoni, mahindi yanamwagwa juu, yanasagwa, unga unatoka, koo la mashine linabaki wazi kwa mengine. Organofosfeti ni jiwe. Inaingia kwenye koo lilelile la mahindi, na atomu yake ya fosforasi inajifunga kwenye asidi ya amino inayoitwa serini, ambayo ndo jino lenyewe la kusagia. Mahindi yanazidi kumwagwa, hakuna kinachosagwa.

Sasa mwangalie mjomba. Tezi za mate zinapata amri bila kukoma, kwa hiyo mate. Machozi na jasho hivohivo. Kamsuli kanakobana kaduara ka jicho kamejikaza hakaachii, ndo kile kincha cha sindano mlichokiona, na ukikaona hako pamoja na mate kwa mtu ametoka kupiga dawa usisubiri dalili nyingine yoyote. Tumbo linasokota, mkojo na choo vinaweza kutoka bila yeye kutaka, mapigo ya moyo yanapungua. Pia ukitazama vizuri chini ya ngozi ya kope au ya kifua au ya shavu la mguu unaweza kuona misuli inachezacheza midogo midogo kama kuna minyoo inatembea, ile ni misuli inayoamrishwa mpaka inachoka. Inayoua zaidi ni mapafu. Njia za hewa zinajikaza na wakati huohuo zinajaa majimaji, misuli ya kupumua nayo inachoka, na ubongo ambao ndo unaoamrisha pumzi nao umevurugwa. Vyote vinakuja pamoja.

Umeniambia alirudi akala vizuri, na hili nataka ulielewe sana. Dawa iliyolowa kwenye shati mgongoni haiingii yote mara moja, inapenya ngozi polepole na inaendelea kupenya kwa muda wote shati limebaki mwilini, kwa hiyo wakati mjomba anakula, mgongo wake ulikuwa bado unakunywa dawa. Alafu kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Molekuli ya klopairifosi au malathioni jinsi inavyotoka kwenye chupa haishiki enzaimu vizuri. Ina atomu ya salfa iliyoungana na fosforasi. Ini letu likikutana nayo linajaribu kuisafisha kama linavyosafisha vitu vingine vya kigeni, linatoa ile salfa na kuweka oksijeni, na hiyo yenye oksijeni ndo inashika vibaya sana. Yaani ini lenyewe ndo limekamilisha sumu, na kazi hiyo inataka muda, masaa kadhaa. Diklovosi haisubiri hayo, yenyewe ina oksijeni tangu kwenye chupa, ndo maana inaangusha mtu haraka.

Ile sindano ya usiku kucha bila shaka ni atropini. Atropini haigusi jiwe wala mashine, inakaa kwenye mlango wa tezi na wa moyo na wa njia za hewa ili asetilikolini iliyojaa isisikike. Daktari anadunga, anasubiri dakika chache, anaweka kipimo chake kifuani anasikiliza, kama mapafu bado yana majimaji anaongeza mara mbili ya ile ya kwanza, hivohivo mpaka kifua kikauke na moyo uende vizuri. Hafuatilii jicho, anafuatilia kifua, kwa hiyo mkiona wanadunga mara nyingi msidhani wanabahatisha, ndo kazi yenyewe ilivyo. Ila atropini haifanyi kazi kwenye misuli ya kawaida, ya mikono na shingo na mbavu, kwa sababu mlango wa asetilikolini kule ni wa aina nyingine.

Ipo dawa nyingine, pralidoksimu, ambayo inaweza kuing'oa ile fosforasi kutoka kwa serini na mashine ikasaga tena. Haifanyi kazi sawa kwa kila sumu ya familia hii, na inaweza kuwahi au kuchelewa, kwa sababu baada ya muda kipande cha ile molekuli iliyojifunga kinadondoka na kilichobaki kinashikana na enzaimu moja kwa moja, hapo hakuna dawa ya kuking'oa. Wataalamu wanasema enzaimu imezeeka. Kwa baadhi ya hizi dawa za shamba inachukua masaa machache tu, kwa nyingine zaidi ya siku nzima. Enzaimu iliyozeeka imekwisha, mwili unatengeneza nyingine mpya na hiyo ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo mjomba asirudi kupiga dawa mwezi huu hata kama anajisikia mzima, kiasi kidogo tu kitamwangusha kwa sababu akiba yake ya enzaimu bado iko chini.

Na ile shingo ya siku ya tatu inajulikana. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, dalili za mate zikiwa zimeshatulia, misuli ya shingo, mabega na kupumua inaweza kulegea ghafla kwa sababu milango yao imepigwa na asetilikolini mpaka imeacha kujibu. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyohiyo, mgonjwa anaambiwa inua kichwa kwenye mto anashindwa. Waliomweka kwenye mashine walifanya kitu sahihi kabisa. Wangapi wanarudishwa nyumbani siku ya pili kwa sababu wanaongea, familia inalipa bili inashukuru, alafu wanafia njiani au kitandani. Hili linaniuma sana, na nakuomba uwaambie watu wa kijiji chako, mgonjwa wa dawa ya shamba asiombewe ruhusa ya kutoka mapema.

Maziwa sasa. Dawa ilipita mgongoni, haikupita tumboni, kwa hiyo maziwa yalikuwa mahali sumu haikuwepo. Na hata angekuwa ameinywa, maziwa hayana kitu cha kung'oa fosforasi kutoka kwa serini, yanakaa tumboni na enzaimu iko kwenye neva. Ubaya wake ni mkubwa kuliko faida, mtu ambaye anatoa mate na fahamu zinapotea ukimnywesha kitu atatapika na matapishi yataingia mapafuni, na dawa nyingi hizi zimeyeyushwa kwenye mafuta ya jamii ya petroli, hayo yakiingia mapafuni ni ugonjwa mwingine juu ya ule. Usimtapishe pia kwa sababu hiyohiyo. Kinachosaidia nyumbani ni kuvua nguo zote palepale, kumwosha kwa maji mengi na sabuni mpaka nywele na chini ya kucha (anayeosha avae glavu au hata kaveera, ule mfuko wa plastiki, mikononi maana dawa itampenya na yeye), kumlaza kwa ubavu, na kubeba chupa yenyewe ya dawa kwenda nayo hospitali. Msiimwage, msiitupe chooni, ile lebo inamwambia daktari kama ni organofosfeti au ni kabameti, familia nyingine ya dawa za wadudu. Kabameti inashika mashine ileile lakini inaachia yenyewe baada ya masaa kadhaa, haizeeki, kwa hiyo matibabu yanatofautiana.

Damu basi. Sumu ambayo kweli inaingia kwenye damu na kuiharibia kazi ni moshi wa sigiri, yaani kabonimonoksaidi, ile gesi isiyo na harufu. Kwenye hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kuna atomu za chuma ambazo oksijeni hukaa juu yake, na kabonimonoksaidi inashika chuma hicho kwa nguvu kama mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Damu inabaki nyekundu nzuri, inazunguka vizuri, haina oksijeni ya kutosha ya kupeleka, na hata ile kidogo iliyobaki hemoglobini inaing'ang'ania haiachii kwa urahisi. Watu wanalala na sigiri ndani msimu wa baridi, Kabale na Kisoro huko, kichwa kinauma kidogo usingizi unakuja, hawaamki. Ukimtoa mtu hewani inachukua masaa manne au matano nusu ya gesi itoke, akipewa oksijeni tupu kwa maski ni kama saa moja na nusu.

Sayanaidi inafanana na hiyo ila inaenda mbele zaidi, inaacha damu inaingia kwenye mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, inashika chuma cha enzaimu ya mwisho inayotumia oksijeni, seli inakosa nguvu ilhali oksijeni imejaa pale pembeni. Na hii haihitaji mgodi wala kiwanda, iko kwenye muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Kasese Septemba 2017 watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo, wengi wa mwanzo walikuwa wamekula kwenye mazishi, wawili wakafariki. Mwili una njia yake ya kuitoa, unaifunga na salfa inatoka kwa mkojo, lakini hiyo salfa inatokana na protini tunazokula, kwa hiyo anayekula muhogo mtupu bila maharage wala samaki ndo anaumia zaidi.

Hujauliza kuhusu waragi, ile pombe kali, lakini nitasema kwa sababu ya lile jambo la muda. Kabale mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu isiyofaa kunywewa. Methanoli yenyewe inalewesha tu kidogo. Ini linaigeuza kuwa fomaldehaidi, alafu asidi ya fomiki, na hiyo asidi inakwamisha enzaimu ileile ya mitokondria ambayo sayanaidi inashika, ila polepole, na damu nayo inakuwa na asidi nyingi. Neva ya jicho inataka nguvu nyingi kila sekunde ndo maana inakufa mapema, mtu anaona ukungu mweupe alafu haoni kabisa. Kati ya kunywa na kuona ukungu inaweza kupita masaa 12 mpaka 24, na ndani ya masaa hayo anaonekana mlevi wa kawaida amelala, watu wanasema mwacheni pombe itaisha. Huo ndo wakati ambao angepona! Hospitali wana dawa ya kuzuia enzaimu ya ini isiigeuze, wakikosa wanatumia ethanoli safi, yaani pombe ya kawaida, kwa kipimo kwa sababu enzaimu hiyo inapenda ethanoli kuliko methanoli, pamoja na folik asidi na kusafisha damu kwa mashine. Msijaribu hiyo nyumbani kwa kumwongezea waragi, chupa ya pili inaweza kuwa na methanoli ileile.

Sasa kaka yako wa Tiira, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ndugu zetu wengi wako pale. Zebaki ya maji ukiishika kwa mkono inapenya ngozi kidogo sana, hata ukiimeza nyingi inatoka na choo, kwa hiyo anavyosema haimdhuru ana sababu, ameona kwa macho yake. Shida inaanza anapochoma ile donge ya dhahabu na zebaki ili dhahabu ibaki. Zebaki inakuwa mvuke, hauna rangi wala harufu, na katika kila pumzi karibu asilimia 80 ya mvuke huo inabaki mwilini. Mvuke hauna chaji ya umeme kwa hiyo unapita kwenye kuta za seli bila kizuizi, unaingia ubongoni na unapita kondo la nyuma mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Kule ndani enzaimu za seli zinaupokonya elektroni, unakuwa zebaki yenye chaji, na yenye chaji haiwezi kurudi ilikotoka. Imefungiwa ndani.

Na inaposhika ni salfa. Protini nyingi za mwili zinafanya kazi kupitia salfa iliyo kwenye asidi ya amino ya sisteini, na zebaki inaipenda salfa kuliko karibu kitu kingine chochote, inaipenda madini ya seleniamu zaidi hata, na seleniamu ndo iko kwenye enzaimu zinazolinda ubongo. Kwa hiyo tofauti na dawa ya nyanya zebaki haina mashine moja, inakwamisha nyingi kidogokidogo. Ndo maana hakuna siku moja ya kuanguka. Kuna hasira za ghafla, kusahau, usingizi mbaya, fizi kuvimba, mkono kutetemeka, figo kuvujisha protini, na watu wanasema ni stresi ya kazi au ni pombe. Mwambie aandike jina lake lote kwa mkono alafu mlinganishe na maandishi yake ya miaka ya nyuma, mtetemeko mdogo unaonekana kwenye kalamu kabla haujaonekana kwenye kikombe. Ukali wake haupungui eti kwa sababu unachelewa, na sehemu ikishakufa kwenye ubongo hairudi, wakati mjomba wako mashine zake zitatengenezwa upya.

Asichomee jikoni wala kwenye sufuria ambayo mtu yeyote atapikia, na mke wake akiwa na mimba asikae karibu wala asifue zile nguo za kazi pamoja na za watoto. Kuna chombo kinaitwa ritoti, kinafungwa juu ya moto na kupoza mvuke urudi kuwa maji, anaokoa zebaki yake na mapafu yake kwa pamoja, na kuna wachimbaji wanaotumia boraksi, chumvi nyeupe ya madini, bila zebaki kabisa. Akienda kupimwa aombe kipimo cha mkojo, mvuke uliokaa mwilini unatokea huko, na nusu yake inachukua kama miezi miwili kutoka hata akiacha leo. Kipimo cha nywele kinafaa zaidi kwa zebaki ya samaki, hiyo ni aina nyingine, asikubali kulipia hicho peke yake alafu akaambiwa yuko salama.